Kifungu cha Kumi na Saba

Dodoma,
5 Februari 2024

Dada Ikram,

Salamu kutoka mjini. Najua ukiuona mwandiko huu utataka kuitupa bahasha kapuni, lakini namba zangu zote umezifungia, na Denis kaniambia kwamba mtu akikosana na Mrangi ni heri aandike kwa mkono. Basi naandika kwa mkono.

Nina jambo. Kamati inayotengeneza mwongozo wa tenda za mifumo ya serikali itasikiliza wadau mwaka huu, na imesema wazi kuwa haitasikiliza kampuni moja moja. Inataka chama. Wakubwa wa Dar wana chama chao, wana mawakili na tai shingoni. Sisi wa huku kati, kila mmoja na kompyuta zake nne na jenereta lake bovu, tukienda mmoja mmoja hatuvuki hata getini. Nimewazungukia wenzetu tangu Krismasi. Tumefika tisa: mimi, Denis wa mifumo ya zahanati, Methusela wa Msalato, Cecilia wa mafunzo, na wengine unaowajua. Msajili anataka waanzilishi kumi. Wa kumi ni wewe.

Tena nakuomba uwe katibu, na katiba uiandike wewe. Sisi wengine tunaandika programu, Kiswahili cha vifungu kinatushinda. Kalamu yako inajulikana.

Mama anakusalimu. Kila nikifika Mlali ananiuliza, "Binti yangu Mrangi yuko wapi?" Yaliyopita si ndwele, dada, tugange yajayo.

Nduguyo,
Ebenezer Ndahani


Kibaigwa,
9 Februari 2024

Ndugu Ebenezer,

Barua imefika. Nakubali kuwa wa kumi, nakubali ukatibu, na katiba nitaiandika. Masharti yangu ni mawili: usinipigie simu, na katiba ipite kama nitakavyoiandika.

Msalimie Mama Ruthu.

Ikram Abdulwahab


Kibaigwa,
10 Februari 2024

Dada Mishi,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kazi yangu ni mifumo, najua ujumbe wa simu hulala wapi na nani anaweza kuuamsha. Hii ukimaliza kuisoma itie jikoni.

Ebenezer ameniandikia. Yaliyopita si ndwele, anasema. Ndwele ni yeye! Miaka mitatu hii sijapona.

Wewe ulikuwepo. Baba alifariki Jumanne, tukamzika Jumatano. Alhamisi mimi nimekaa mkekani na khanga kichwani, na mwenzangu, mshirika wangu wa kazi, amesimama Dodoma mbele ya wakubwa anaonyesha Debe Sawa kama mali yake. Debe Sawa, dada! Mkulima apige namba, abonyeze moja kwa Kirangi au mbili kwa Kigogo, asikie bei ya mahindi ya leo hapa sokoni Kibaigwa, dalali asimdanganye. Kirangi ni sauti yangu. Kigogo ni sauti ya Mama Ruthu, mama yake Ebenezer, niliyekwenda kumrekodi Mlali mimi mwenyewe, siku nzima, kuku wanapita chini ya meza. Yeye aliandika nusu ya programu. Nusu, sikatai. Lakini Ijumaa, matanga hayajaanuliwa, tukasikia redioni: kijana mbunifu Ebenezer Ndahani. Jina langu halikutajwa hata kwa kuteleza ulimi. Na msibani hakutia mguu. Mama yake alikuja, yeye hakuja.

Nimemeza kwa sababu sikuwa na pa kutemea. Sasa ameniletea kalamu mwenyewe.

Hapa sokoni kuna kikundi cha kuzikana cha akina mama wauza chakula. Katiba yao ni kali kuliko mgambo, na mimi ndiye niliyewachapia. Nimeichukua nzima. Nimebadilisha jina, nimeweka tehama palipokuwa na sufuria, nikapanga ada na vikao. Lakini kifungu cha kumi na saba nimekiacha kama kilivyo:

"Mwanachama akifiwa na mzazi, mwenza au mtoto, viongozi wote watafika mazikoni. Kiongozi asiyefika, akiwa mzima wa afya, uongozi wake umekoma tangu jembe la kwanza la kufukia kaburi, na hakuna kikao kitakachomrudisha."

Namjua Ebenezer. Penye kamera na penye jeneza, ataenda penye kamera. Siku moja mmoja wetu atafiwa, siku hiyohiyo kutakuwa na semina, naye atachagua semina. Hapo nitasimama mbele ya wenzake nimsomee kifungu neno kwa neno, kisha niwaeleze ni lini alifanya hivyo mara ya kwanza na kwa nani. Nataka aanguke kwa kosa lilelile, hadharani, mchana kweupe.

Wasalimie watoto wa shule.

Mdogo wako,
Ikram


Kondoa,
19 Februari 2024

Mdogo wangu Ikram,

Marahaba. Barua yako sikuichoma. Nimeiweka sandukuni, siku moja utataka kujisoma.

Ebenezer alikudhulumu, na anayesema vinginevyo aje tuonane. Lakini mimi ni mwalimu, nina maswali. Kifungu chako kinangoja maiti. Umeshafikiri atakuwa nani? Kila asubuhi utaamka ukiuliza kama kuna mzazi wa mwenzako amefariki? Hiyo si kazi ya mtoto wa Abdulwahab.

Jingine. Umeandika "mama yake alikuja" ukapita haraka kama anayeruka tope. Ngoja nikurudishe. Mama Ruthu alipanda mabasi mawili akafika kwetu na ndoo ya unga wa uwele, Mkristo katikati ya khitma, akajifunga khanga kama sisi na kuosha masufuria siku tatu. Wewe ulimwona. Usichokijua ni kwamba alipokuwa anaaga alinishika mkono pale nyuma ya jiko, akaniambia, "Mwanangu amenivua nguo. Nimekuja kukaa mahali pake." Nilikuficha kwa sababu ulikuwa unatokota. Sasa nakuambia.

Mfanye Ebenezer utakavyo. Huyo mama usimguse.

Dada yako,
Mishi


Dodoma,
22 Aprili 2024

Ndugu Katibu,

Hongera kwa Jumamosi! Kurasa kumi na nane sijawahi kuziona zikipita kwa mwendo ule. Methusela akapendekeza, Cecilia akaunga mkono, na chapati zilikuwa zinapoa. Umoja wa Kampuni za Tehama Kanda ya Kati umezaliwa, na mimi mmenitwisha uenyekiti. Fomu zimekwenda kwa msajili leo asubuhi.

Nilikuona umekaa kule nyuma unatabasamu mikono inapopanda. Moyo wangu ukatulia. Nikasema, Ikram amenisamehe.

Maoni yetu kwa kamati nitayaandika mwenyewe, uyapige mhuri tu siku ikifika. Yako mambo yanayostahili kutajwa pale, na nitayataja.

Mama anakohoa kidogo lakini hajambo. Amelima ekari nzima, hasikii la mtu.

Ebenezer


Kibaigwa,
1 Julai 2024

Dada Mishi,

Shikamoo. Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Baba yake Methusela alifariki wiki iliyopita, kule Msalato. Siku ya mazishi palikuwa na maonyesho ya teknolojia mjini, kamera zimejaa tele, na Ebenezer ndiye mgeni mzungumzaji. Nikasema, Mola amenijibu. Nikafika Msalato na nakala ya katiba kwenye mkoba.

Nikamkuta kaburini. Alikuwa ameshika koleo tangu saa tatu, suruali imejaa udongo mpaka magotini. Maonyesho aliwaachia wengine. Aliponiona akanisalimu kwa kichwa na kuendelea kuchimba. Nikakaa na akina mama nikimenya vitunguu, na mkoba wangu nimeuficha chini ya kiti. Dada, niliona aibu. Kisha aibu ikageuka hasira maradufu. Kumbe mazishi anayajua! Kumbe ni ya baba yangu tu ndiyo hakuyajua!

Kamati imetupa siku. Ni Jumatano, tarehe 18 Septemba, saa nne, meza moja, viti kumi, kila kampuni na kibao cha jina lake.

Na habari ya Mama Ruthu, nani kasema nitamgusa?

Ikram


Mlali,
16 Septemba 2024

Ikram,

Mama ametutoka jana asubuhi, akijiandaa kwenda kanisani. Alikaa kitandani kufunga kiatu na hakuinuka tena.

Tunamzika Jumatano saa saba. Jumatano hiyohiyo ni siku ya kamati. Nimempigia karani wao, amesema mwenye msiba hupewa wiki mbili, mradi barua ya kuahirisha itoke kwa katibu na iwe na mhuri wa Umoja. Mhuri unao wewe. Tafadhali iandike leo. Wenzetu wote nimeshawaambia kwamba utaiandika, nao wanakuja Mlali.

Denis anakuletea hii kwa pikipiki. Nimempigia Dada Mishi pia.

Njoo, Ikram. Alikuwa akikungoja wewe kuliko mimi.

Ebenezer


Kibaigwa,
17 Septemba 2024

Dada Mishi,

Shikamoo. Mama Ruthu amefariki. Nimelia, usidhani sikulia. Denis amenikuta nacheka na wateja, akaniacha nimejishika kichwa.

Kisha nikafuta macho nikaisoma barua ya Ebenezer mara ya pili. Anataka niandike ya kuahirisha. Karatasi niliiweka mezani, mhuri nikaufungua, nikakaa. Nikajiona nimekaa mkekani nyumbani kwetu Kondoa, redio ya jirani inasema kijana mbunifu. Nikaufunga mhuri.

Sikuiandika, dada. Alizichukua siku zangu tatu, leo Mungu amenipa zake. Kesho yeye atakuwa anafukia kaburi, na mimi nitasimama mbele ya kamati. Nitasema kwa kinywa changu kwamba Debe Sawa ni kazi ya Ikram Abdulwahab, na iandikwe kwenye kumbukumbu za serikali. Nikitoka pale, Umoja utaongozwa na aliyefika. Atarudi kutoka msibani akute kiti kimekaliwa. Ndivyo mimi nilivyorudi.

Najua utaniuliza kifungu cha kumi na saba. Nilimtegea yeye. Nani atakikumbuka? Hakuna hata mmoja aliyekisoma. Nilikuwepo, nilitazama chapati zikipoa.

Mama simgusi. Mama ameshapumzika. Namgusa mwanawe.

Ikram


Dodoma,
18 Septemba 2024, alasiri

Dada Mishi,

Nipo stendi. Nakuandikia kwa sababu sina wa kumwambia.

Nilifika saa tatu na nusu. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha kijani, viti kumi, vibao kumi: Ndahani, Methusela, Cecilia, Denis, sote. Nikakaa penye kibao changu. Wakubwa wa Dar walikuwa meza ya pili, wamejaa, mmoja akanisogezea maji. Saa nne ikagonga. Kulia kwangu viti vitano vitupu, kushoto vinne.

Mwenyekiti wa kamati ni mama mtu mzima, miwani yake inakaa puani. Akanitazama, akavitazama viti.

"Umoja wenu una kampuni ngapi?"

"Kumi, mheshimiwa."

"Ziko wapi?"

"Wamekwenda msibani."

"Oo, poleni sana. Nani amefiwa?"

"Mwenyekiti wetu. Amefiwa na mama yake."

Akavua miwani. Hakunikaripia, dada, ingekuwa nafuu angenikaripia. Aliniuliza polepole, kama mtu anayetaka kuelewa kweli:

"Na wewe si mmoja wao?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya dakika kumi na tano. Sikufika hata kwenye salamu zake za kufungulia. Karani akapita akiviokota vibao kimoja kimoja, kama anayeondoa vyombo mezani, na changu akakichukua pia. Debe Sawa sikuitaja.

Ikram


Kondoa,
20 Septemba 2024

Ikram,

Barua zako mbili nimezikuta mlangoni niliporudi kutoka Mlali. Jumatano basi liliposimama Kibaigwa nilishuka nikagonga ofisini kwako, nikidhani tutakwenda pamoja. Nikakuta kufuli. Nikasema, mdogo wangu amenitangulia. Safari yote iliyobaki nilikuwa na furaha juu yako.

Wenzako wote walikuwepo. Watu wa kompyuta, mikono laini, wanachimba kwa zamu na kuhesabu malengelenge. Cecilia alipika na akina mama. Kila aliyeniona aliniuliza, "Katibu yuko wapi?" Nikasema yuko njiani. Nimesema uongo mbele ya jeneza kwa ajili yako.

Saa tano simu ya Ebenezer ikalia. Alikuwa ni karani wa kamati. Nilikuwa karibu, nilimsikia akisema, "Peke yake?" Kisha, "Asante." Akaizima, akaitia mfukoni, akachukua koleo. Hakumwambia mtu. Lakini Denis alikuwa ameshaifungua katiba kwenye simu tangu Jumatatu, kutafuta Umoja unapaswa kupeleka nini msibani. Tulipokaa kula alikisoma kifungu cha kumi na saba kwa sauti. Methusela akasema, "Hiki ndicho kilichomleta mwenyekiti kwa baba yangu?" Ebenezer akasema hapana, kile alikuwa hajakisoma.

Umesikia? Alikuwa hajakisoma. Alikwenda tu.

Nilikuambia huyo mama usimguse. Kutokwenda kwako ndiko kumgusa. Nimekaa mahali pako, kama yeye alivyokaa mahali pa mwanawe, na nimeosha masufuria. Deni hilo nimelilipa mimi, si wewe.

Sina hasira. Nimechoka tu.

Mishi


UMOJA WA KAMPUNI ZA TEHAMA KANDA YA KATI
Dodoma,
23 Septemba 2024

Kwa: Ndugu Ikram Abdulwahab

YAH: KUKOMA KWA UONGOZI WAKO

Rejea katiba yetu, kifungu cha kumi na saba. Unaarifiwa kwamba uongozi wako kama katibu umekoma tangu tarehe 18 Septemba 2024, jembe la kwanza, saa saba na robo mchana. Kifungu hakiruhusu kikao cha kukurudisha, hivyo hatukuita kikao. Mhuri akabidhiwe Ndugu Cecilia, katibu mpya. Uanachama wa kampuni yako unaendelea kama kawaida. Kamati imetupa tarehe nyingine baada ya Cecilia kuwaandikia.

Wanachama wameniagiza nikuambie kwamba kifungu wamekipenda, na hakitabadilishwa.

E. Ndahani
Mwenyekiti

(Nyuma ya karatasi, kwa mkono.)

Ikram, nimeambatisha ukurasa wa kwanza wa maoni yetu, yale niliyosema nitayaandika mwenyewe. Nilikuwa nayo Mlali, kwenye mkoba. Usome mstari wa tatu: "Mfano ni Debe Sawa, mfumo uliobuniwa na Ikram Abdulwahab wa Kibaigwa, ambaye mwaka 2021 alinyimwa haki ya kutajwa, na aliyemnyima ni mimi niliyetia saini hapa chini." Ningeusoma mbele ya kamati na mbele ya kamera zote, na wewe umekaa pembeni yangu. Ilikuwa barua moja na mhuri mmoja. Sasa ukurasa huo nimeutoa. Kamati itasoma wa pili.

Ebenezer


Kibaigwa,
2 Oktoba 2024

Ebenezer,

Mhuri nimempa Cecilia. Ukurasa wako nimeusoma. Sijui uliuandika kabla ya msiba, au uliuandika baada yake ili uniunguze. Vyovyote iwavyo, umeniunguza. Nimeukunja, nimeuweka ndani ya debe la kwanza tulilopimia mahindi, unalikumbuka, lile lililobonyea.

Uongozi siombi. Kifungu ni changu, nimekitii. Arobaini ya mama sitakuja kwa sababu sina uso wa kusimama pale. Dada Mishi atakuja. Baba yangu hukumzika, mama yako sikumzika, na hakuna katiba itakayoturudishia siku hizo.

Lakini usidhani nimemaliza nawe.

Jana nilipiga namba yetu, nikabonyeza mbili. Mama Ruthu akanisomea bei ya mahindi. Mlali nzima inamsikia hivyo kila asubuhi, tarakimu kwa tarakimu, na nadhani nawe unapiga. Ulipouchukua mfumo ulichukua vile vipande nilivyovikata. Hukujua kwamba rekodi nzima ninayo, saa moja na dakika kumi, ya siku ile niliyokwenda Mlali. Nimeitia kwenye flashi, imo ndani ya bahasha hii. Situmi kwa wema. Nataka uisikilize peke yako, mpaka mwisho.

Mama anacheka sana humo. Anafukuza kuku. Anagoma kutamka mia saba mpaka aletewe chai. Dakika ya kumi na nne anauliza, "Ebenezer yuko wapi, mbona umekuja peke yako? Kazi si ya wote wawili?" Kikombe kinawekwa mezani. Kisha utasikia sauti yangu nikikutetea.

Namwambia, "Ana shughuli nyingi mjini, mama. Usijali, jina lake nitaliandika la kwanza."

Ikram